Miezi Miwili Niliyoisoma Simu Yako

Gitting, Jumapili, saa kumi jioni

Paskalina mwanangu,

Sikuulizi hali. Nimekusikia ukicheka tangu asubuhi, na sasa hivi umetoka na mama yako na mdogo wako Agata kwenda kuwaaga majirani. Mmesema mtarudi jua likizama. Nimebaki na ng'ombe, na karatasi nilizochana katikati ya daftari la mdogo wako la sayansi. Atanisamehe. Nikikosea herufi, usidhani ni uzee. Ni furaha.

Kesho alfajiri unapanda basi Katesh. Binti yangu mimi, Daudi niliyeishia darasa la saba, anakwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo! Nimelisema jambo hilo kwa sauti zizini mara nyingi mpaka nadhani ng'ombe wamechoka kulisikia. Siku jina lako lilipotoka, mama yako alipiga vigelegele hadi mbwa akakimbilia kwenye mahindi, na mimi nikazunguka nyumba mara mbili nikitafuta jembe ambalo lilikuwa begani kwangu.

Mambo ya blanketi, chandarua, kuchemsha maji na kutopanda bodaboda ya mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Mimi sitayagusa. Nataka kukuandikia jambo moja tu, ambalo tuliliongea siku moja kule Maretadu kwa bibi yako, na hata siku ile sikulimaliza. Unajua mdomo wangu. Mbele ya watu maneno yangu ni kama ng'ombe aliyefika darajani: yanasimama, yanatazama maji, yanageuka. Kwenye karatasi yanavuka.

Ni ile habari ya simu. Upande wako unaujua. Upande wangu hujawahi kuusikia wote.

Ulipomaliza kidato cha nne nilikuletea simu janja, ya kwanza kwako. Unakumbuka ulivyoruka? Ulinishika mkono kwa mikono miwili ukasema, "Ahsante baba, ahsante baba," na mimi nikajibu, "Haya, kakamue." Nilikuwa na furaha mpaka kooni, na neno lililopata njia ya kutoka likawa hilo.

Baada ya wiki mbili nilianza kuijutia. Ulikuwa unawasha moto mkono mmoja, mkono wa pili una simu. Maziwa yalichemka yakamwagika, ukacheka, si kwa ajili ya maziwa, bali kwa kitu ulichokiona humo ndani. Nikikuita unajibu "Bee" ukiwa mbali, kama mtu anayeitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye jumuiya, kila Jumamosi, wazee wenzangu walikuwa na hadithi: binti wa fulani kadanganywa kwenye simu, kijana wa fulani halali tena, anacheza michezo mpaka majogoo. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinauma.

Nikatoa amri. Simu ikabidhiwe kwangu wakati wa chakula cha jioni. Sikueleza kwa nini. Wewe ukasema, "Sawa baba," ukaileta, ukala ukiwa umeinama. Mimi huku, mwanangu, simu yangu ilikuwa gotini nikitazama magoli. Uliiona, hukusema kitu. Ningekuwa na busara ningeusikia ule ukimya wako.

Halafu siku ya soko nikapita kwa fundi simu mmoja pale Katesh, anitengenezee chaji. Nikamweleza shida yangu, kama mtu anavyomweleza mganga. Akacheka.

"Mzee, hiyo mbona ndogo. Kuna programu. Tunaiweka kwenye simu ya binti, wewe unakaa nyumbani kwako unaona kila kitu kwenye simu yako. Saa ngapi ameshika, ametazama nini, ameandika nini. Yeye hajui."

"Hajui kabisa?"

"Atajulia wapi?"

Lile neno "hajui" ndilo lililonipendeza. Ningepaswa kuliogopa. Jumatatu yake nikakuambia nipe simu yako, naenda Katesh, nitakuwekea kioo cha kuzuia mikwaruzo. Ukanipa hapo hapo, na ukanishukuru. Kioo nilikiweka kweli, ili uongo uwe na nguo ya kuvaa. Kurudi, sikuweza hata kungoja nifike. Nilisimama njiani, nikafungua, nikaona picha ya shangazi yako uliyoitunza kwenye simu yako. Moyo ulinidunda kama wa mwizi, nami nikajiambia ni moyo wa baba mwangalifu.

Siku za kwanza nilikuwa nahesabu saa zako tu. Jumanne, saa sita na zaidi. Jumatano, saa tano. Nilikuwa nawatazama wasusi uliokuwa ukiwatazama, na mama mmoja mnene anayeoka keki, na wale vijana wanaocheza mbele ya ukuta wa bluu. Nikawa nasema, kumbe ni haya tu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, ngoja nione na kesho.

Nikawa naangalia asubuhi kabla ya kukamua. Kisha na saa nne, nimeegemea jembe. Kisha chooni. Kisha, Mungu anisamehe, kanisani, wakati wa matangazo, nikiwa nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Wewe ulikuwa umekaa upande wa wanawake, simu umeiacha nyumbani. Hakukuwa na kitu cha kuona, na bado nilitazama.

Unakumbuka ng'ombe walivyoingia kwa jirani yetu Yohani, mahindi yakiwa yamefika magotini? Nyumbani nilisema kamba ilikatika. Haikukatika. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, hatua kumi tu kutoka kwao, nasoma maongezi yako na rafiki yako Veronika. Yohani alisimama kwenye uzio akapaza sauti:

"Baba Paskalina! Ng'ombe wako wanakula shamba langu na wewe umekaa hapo hapo! Una macho?"

"Naangalia bei ya maharage," nikamjibu.

"Maharage gani yanakuchekesha namna hiyo?"

Kwa maana nilikuwa nacheka. Na hapa ndipo pagumu kuandika, lakini lazima niandike.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma ulivyomwandikia Veronika: "Baba ni mtu mzuri ila sijui anawaza nini. Tangu nimalize shule hajaniuliza swali lolote zaidi ya 'umekamua?'" Nilisoma mara tatu. Nikaenda nyuma ya zizi nikakaa. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira nikaikosa, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilijaribu kukumbuka swali lingine nililokuuliza. Nikakumbuka moja: "Umefunga ndama?"

Asubuhi iliyofuata nikakuvizia jikoni. Ukasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba. Umelalaje? Umeota nini? Unapenda kula nini siku hizi?" Yote kwa pamoja, kama mtu anayemwaga gunia. Ukanitazama sana. Na baada ya dakika tano ukamwandikia Veronika: "Leo baba kaniuliza nimelalaje. Naogopa, labda anaumwa." Ndicho kilichokuwa kinanichekesha pale kwenye jiwe. Nilikirudia mara nyingi. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na ng'ombe wanakula mahindi ya mwenzangu.

Basi nikapata mchezo mpya. Nikawa nasoma, kisha nakuja kwako na nilichosoma, nikijifanya kimenijia chenyewe. Ulimwandikia Veronika kwamba unatazama video za daktari wa mifugo anayezalisha ng'ombe, na kwamba unaona aibu kusema unataka kazi hiyo. Jioni nikasema hewani tu, "Hivi wanawake nao si wanaweza kuwa madaktari wa ng'ombe?" Macho yako yaliwaka! Ukaongea mpaka ugali ukapoa. Ukaniuliza habari za yule ndama aliyekaa vibaya tumboni, nikakusimulia, ukataka kujua mkono uliingia hadi wapi. Usiku ule ukaandika, "Baba amebadilika. Sijui nini kimempata ila amebadilika."

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu uzaliwe, na yote ilikuwa ya wizi. Nilijua. Kuna asubuhi moja nilishika simu nikasema leo naifuta hii programu. Kisha nikaogopa. Nikisimama bila ile simu nitakuuliza nini? Nitarudi kwenye "umekamua?" Nilikuwa kama mtu anayetembea kwa fimbo ya kuiba. Anajua ni ya mtu, lakini akiiacha anaanguka.

Kumbe ile ile programu ilikuwa na mahali panapoonyesha saa za simu yangu pia. Siku moja kidole kiliteleza nikapaona. Wewe siku hiyo ulikuwa na saa tatu. Mimi, saa saba. Nilifunga haraka, kama nimeona kitu kichafu. Sikufungua tena sehemu ile.

Iliendelea miezi miwili. Kilichoivunja unakikumbuka, lakini ngoja nikiseme nilivyokiona mimi. Tulikuwa tunangoja matokeo yako. Tulikaa mezani wote wanne, mama yako anapakua mboga. Ulikuwa umenyong'onyea siku nzima, na mimi nilijua kwa nini: alfajiri ulimwandikia Veronika kwamba umeota umefeli hesabu, jina lako limebandikwa ukutani na watu wanacheka. Nilikuonea huruma, na huruma ikanitoa akili. Nikasema:

"Usijali mama. Ndoto ni ndoto tu. Hesabu umefaulu."

Ukaacha kutafuna.

"Baba, nani kakuambia nimeota?"

"Mama yako."

"Mimi?" mama yako akasema, mwiko mkononi. "Mimi sijui ndoto yoyote."

Agata akatutazama mmoja mmoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale. Ilikuwa pana kabisa, ungeweza kupitisha mkokoteni. Nikasema, "Basi labda nimesikia vibaya." Ukainuka taratibu. Ukaenda chumbani, ukarudi na simu, ukaiweka kando ya sahani yangu.

"Chukua baba. Isome yote."

Hukupaza sauti. Ungepiga kelele ningepata pa kushikia, ningesema binti yangu hana adabu. Kesho yake uliomba ruhusa kwa mama yako, si kwangu, ukaenda kwa bibi yako Maretadu.

Wiki tatu. Simu yako ilikaa kwenye kabati la vyombo, na mimi, utaamini? bado niliendelea kufungua programu. Iliandika sifuri. Jana sifuri. Leo sifuri. Nilikuwa nimetaka saa zako zipungue, na sasa zilikuwa zimepungua mpaka zikaisha. Nilikaa na ushindi wangu. Jikoni hakuna anayecheka. Agata alikuwa ananijibu, "Ndiyo baba," "Hapana baba," kama mtu aliye mahakamani.

Mama yako hakunisema kwa siku nyingi. Siku aliponisema alitumia maneno machache: "Baba Paskalina, ulitaka kumjua mtoto. Mtoto alikuwa humu humu ndani."

Matokeo yakatoka. Umefaulu, na hesabu umefaulu! Mama yako alipiga simu kwa bibi yako, nikasikia kelele za furaha kule, nikasikia sauti yako. Nikanyoosha mkono nipewe niongee. Mama yako akasikiliza kidogo, akaniambia, "Anasema anashukuru. Ameenda kuchota maji." Saa ile ya mchana hakuna anayechota maji Maretadu. Nikaingia ndani nikavaa koti.

Ile safari sijakusimulia. Kutoka Katesh nilipata gari la Haydom, limejaa magunia, mvua inanyesha. Kutoka Haydom nikachukua pikipiki, ikakwama kwenye tope mara mbili, na mara ya pili tulianguka wote na dereva. Nilikuwa nimeifunga simu yako kwenye mfuko wa plastiki, kifuani. Nilifika kwa mama mkwe wangu nikiwa na matope mpaka kwenye masikio. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mbegu za maharage. Unajua kwetu mkwe hafiki hivyo hivyo kwa mama mkwe, amechafuka na hana taarifa. Nikasimama mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia viatu. "Umekuja kuchukua mtoto, au umekuja kumwangalia?"

Kumbe ulishamwambia. Nikasema, "Nimekuja kumwomba radhi." Akaendelea kuchambua. Kisha akakuita kwa Kiiraqw, na kwangu akasema kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa: "Basi muombe hapa hapa, na mimi nikisikia. Mlipokosana mlikuwa na mashahidi."

Mwanangu, nimewahi kusimama mbele ya baraza la kijiji kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Nimewahi kumzika baba yangu. Sijawahi kuogopa kama siku ile ulipotoka nyuma ya nyumba na jembe la palizi mkononi. Mzazi kumwomba mtoto msamaha mbele ya mkwe wake! Baba yangu angefufuka aulize nimelogwa na nani. Nikafungua mdomo. Nikasema nilichofanya, kuanzia kwa fundi na ule uongo wa kioo. Ukaniuliza, "Umesoma nini na nini?" Nikakutajia. Ulitaka yote, nikakutajia yote, mpaka pale ulipoandika kwamba nakoroma sana nikilala. Bibi yako alicheka pale, wewe hukucheka.

Nilidhani utakasirikia siri zako. Ulikasirikia kitu kingine kabisa. Ukasema:

"Kwa hiyo ile siku uliponiuliza kama wanawake wanaweza kuwa madaktari wa ng'ombe, ulikuwa umeshasoma."

"Ndiyo."

"Nilifurahi sana siku ile. Nilijua baba yangu amenitazama tu usoni akanijua. Kumbe ulikuwa na majibu ya mtihani mfukoni."

Nikapangusa tope shavuni.

"Sasa nitajuaje baba? Ukiniuliza kitu, nitajuaje kama unauliza kweli?"

Hata leo ninapoandika sina jibu zuri. Nilisema, "Hutajua. Utaona tu siku zikienda." Ukaitazama miguu yako. Ukasema, "Ungeniuliza tu, baba." Nikasema, "Ningekuuliza nini?" Ukasema, "Chochote."

Hukurudi nami siku ile. Ulisema utarudi ukimaliza palizi ya bibi, na palizi ya bibi yako ilikuwa na mistari michache tu iliyobaki. Uliimaliza kwa siku kumi. Nilielewa. Na uliporudi, kitu cha kwanza uliomba simu zote mbili. Ukafuta ile programu mwenyewe. Kisha ukashika yangu, ukafungua ile sehemu niliyoikimbia, ukasoma kwa sauti mbele ya mama yako na Agata: saa zangu, siku kwa siku. Ukasema, "Baba, Jumapili hii ulikula saa ngapi?" Tulicheka wote mpaka Agata akaanguka kwenye kiti. Nadhani ni siku hiyo nyumba hii ilipofunguka madirisha.

Tangu hapo nimekuuliza maswali ambayo majibu yake siyajui. Ni kazi ngumu kuliko kulima. Mtu anayejua jibu anauliza akiwa amekaa vizuri. Asiyejua anauliza akiwa amening'inia. Mara nyingine ulinijibu, "Sijisikii kuongea baba," nikaenda zangu. Mara nyingine ulinijibu mpaka usingizi ukanichukua. Ulipokuwa kidato cha tano na cha sita, bwenini, bila simu, uliniandikia barua nne. Zote ninazo. Hizo ulinipa mwenyewe.

Sasa unaenda mahali ambapo hakuna atakayeikusanya simu wakati wa chakula. Utakuwa na chumba, kitanda, na kile kioo kinachowaka. Sijui utakitazama saa ngapi kwa siku, na sitajua. Ila mimi kilinikamata, mtu mzima mwenye ng'ombe na mke na shamba, kilinikamata ndani ya wiki mbili tu, tena nikidhani nafanya kazi ya Mungu. Kikikukamata na wewe usijifiche kwa aibu kama nilivyojificha mimi. Mwambie mtu. Mwambie Veronika. Niambie mimi, sitashangaa, nitakuambia, "Mwanangu, mimi nilifika saba."

Na Agata. Ana miaka kumi na miwili na simu ya mama yake anaipenda kuliko wali. Juzi nilimkuta stoo amekaa juu ya gunia la viazi, anatazama wasichana wanaoruka kamba. Nikakaa kwenye gunia la pili. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha. Wale watoto wanaruka, Paskalina! Tukatazama mpaka ikaisha, nikasema, "Haya, ndama wanalia," akainuka mwenyewe. Nilitoka stoo najiona mfalme. Alhamisi nikamkuta tena, nilikuwa nimechoka, nikamnyang'anya na kumfokea kama zamani. Akalia. Ikabidi nimfuate bandani nimwombe radhi. Kwa hiyo usidhani unamwachia mdogo wako baba aliyehitimu. Unamwachia baba anayerudia darasa. Ukiwa kule, ukisikia nimerudi kwenye mambo yangu, nipigie unifokee. Nakupa ruhusa kwa maandishi.

Nasikia mbwa anabweka kwa furaha, mko karibu kufika. Niseme la mwisho haraka.

Nitakupigia mara nyingi, najijua. Siku nitakayokupigia na usipokee, zamani ningekufa kwa mawazo: yuko wapi, yuko na nani. Sasa nimejizoeza kuwaza hivi: labda mkono wake umeingia ndani ya ng'ombe hadi begani, anamgeuza ndama, na mwalimu amesimama pembeni anasema, "Taratibu, binti, taratibu." Ndama anatoka, anapiga chafya, anasimama na miguu minne inayotetemeka. Wewe umelowa, unacheka, na simu inaita kwenye begi huko mbali na huisikii.

Usipokee, mwanangu. Iache iite. Mimi huku nitakuwa nimesimama na simu sikioni, nacheka peke yangu.

Nenda. Nenda ukaone.

Baba yako,
Daudi